Uliza Tukujibu: Sauti ni yangu, maneno ni yangu, ila sikusema hivyo

SWALI: Kaka habari ya kazi. Mimi mweka hazina wa kikoba chetu huku Tandika, tupo wanawake 23. Juzi kwenye grupu la WhatsApp mwenzetu karusha klipu ya sekunde nne nasikika nasema "hela nimekula mimi". Sauti ni yangu siwezi kukataa, hata mume wangu kasikiliza kasema huyu ni wewe. Sasa siku ile kwenye kikao mimi nilikuwa nauliza, "kwa hiyo hela nimekula mimi? basi leteni daftari tuhesabu", wao wamekata mbele wamekata nyuma. Wenzangu wanataka kunipeleka polisi. Mtaalamu anaweza kuonyesha kwamba imechakachuliwa?
Mama Kikoba, Tandika

JIBU: Pole sana dada. Naanza na la kuudhi ili tumalizane nalo: mtaalamu ukimpa hiyo klipu peke yake anaweza kukwambia haijaungwa popote, na atakuwa sahihi. Maneno yale matatu umeyasema mfululizo, hakuna kiraka katikati. Uchakachuaji wako uko nje ya klipu, kwenye vile vipande vilivyobaki kwenye simu ya mtu.

Kama wangeunga neno la Jumatatu na la Ijumaa hapo kazi ingekuwa nyepesi kidogo, maana mchunguzi anaigeuza sauti kuwa picha, wanaita spektogramu, anaangalia feni iliyokuwa inavuma nyuma imeruka wapi, mwangwi wa chumba umebadilika wapi, honi ya bodaboda imekatwa nusu. Kwako atakachokiona ni kwamba sauti inaanza ghafla na kuisha ghafla, pengine herufi ya kwanza imeliwa. Hiyo inaonyesha tu klipu ni kipande cha kitu kirefu zaidi, ila ulisema nini kabla na baada haikwambii.

Halafu kuna jambo la Kiswahili chetu ambalo mimi ningelishikilia sana. Sisi swali na kauli vinaweza kuwa maneno yaleyale kabisa, kinachotofautisha ni sauti inavyopanda na kushuka. "Hela nimekula mimi" ukiiandika kwenye karatasi bila alama ya kuuliza umeshajifunga, ukiisikiliza unaweza kusikia mtu anashangaa. Mdundo huo unapimika, kwa hiyo usikubali mtu apeleke maandishi tu akasema hiki ndicho alichosema, na anayesikiliza awe mtu aliyekulia kwenye Kiswahili.

Cha muhimu kuliko vyote ni rekodi orijino na simu iliyorekodi. Mwaka 1974 kule Marekani jopo la wataalamu sita lilichunguza mkanda wa Rais Nixon wa tarehe 20 Juni 1972, ulikuwa na dakika 18 na nusu za mvumo mtupu. Wakasema umefutwa kwa kurekodia juu yake, tena siyo mara moja, angalau mara tano, wakajua kwa sababu mashine kila ikianza na kusimama kurekodi iliacha alama yake kwenye mkanda. Walikuwa na mkanda wenyewe na mashine mkononi. Wangepewa kopi ya kopi, sijui wangesema nini.

Kwa hiyo wewe leo hii andika kwenye grupu, kwa upole, kwamba aliyerekodi alete rekodi nzima na simu yenyewe. Klipu uliyoipokea usiifute, usiipeleke kwa fundi aisafishe, usiibadilishe fomati, na skrinishoti piga ionekane nani karusha na saa ngapi. Angalia na jina la faili kwenye simu ya Android: voisi ya WhatsApp kawaida linaanza na PTT, kama linaanza na AUD ni dalili (dalili tu jamani) kwamba imeingia kama faili, pengine imepita kwenye programu nyingine. Mkifika polisi au mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka kuangaliwa ushahidi wa hivi ulitengenezwaje, ukahifadhiwaje, na anayesemekana kuutoa katambuliwaje. Klipu isiyo na mwenyewe hapo inaanza kuchechemea.

Na daftari lako dada, lipo? Maana hesabu zikikaa sawa hiyo klipu itakosa kazi.

SWALI: Eti ni kweli umeme unaweza kuonyesha rekodi ni ya siku gani? Jamaa kijiweni anabisha.
Mbishi wa Mbezi

JIBU: Ni kweli, mlipe soda. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, Marekani ni 60, na friji au feni huvuma humohumo mpaka kwenye rekodi. Ile 50 haitulii, inapanda na kushuka kidogo kidogo, na kwenye gridi moja inacheza vilevile kila mahali kwa wakati mmoja. Polisi wa London wanauweka mvumo huo kwenye kumbukumbu tangu 2005 hivi, wakipata rekodi wanalinganisha. Ila lazima uwe na kumbukumbu hiyo, na rekodi iwe ya dakika kadhaa. Sekunde nne za Mama Kikoba hazitoshi, na kama siku hiyo umeme ulikatika wakawa wanatumia jenereta ndiyo basi tena.