Kwa anayeanza kupima gharama na faida za kanuni za moshi wa viwandani

Utapewa jedwali: gharama huku, faida kule, tofauti chini. Usianzie chini. Anza kwa kuuliza kila faida imetoka wapi, kwa sababu ugomvi mwingi uko hapo.

Chukua kanuni ya zebaki kwa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, ambayo EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, iliikamilisha mwishoni mwa 2011. Gharama ilikisiwa kuwa dola bilioni 9.6 kwa mwaka, faida kati ya bilioni 37 na 90. Inaonekana kesi imekwisha. Lakini faida ya kupunguza zebaki yenyewe, ile iliyoweza kutiwa bei, ilikuwa dola milioni 4 hadi 6. Milioni, si bilioni. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitokana na chembechembe laini zinazopungua mitambo inapofungwa vifaa vya kusafisha moshi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 kwa 4, kwamba EPA ilikosea kutotazama gharama ilipoamua kuidhibiti mitambo hiyo.

Mimi nazihesabu chembechembe hizo bila kusita. Pafu halijui kanuni ilitungwa kwa jina gani. Ila ziandikie mstari wake, msomaji azione. Wala usidhani milioni 4 maana yake zebaki haidhuru. Kilichotiwa bei kilikuwa akili inayopotea kwa watoto wa familia zinazokula samaki wa maji baridi waliovuliwa kwa burudani. Madhara mengine yalibaki bila tarakimu, na jedwali husoma kisicho na tarakimu kama sifuri.

Upande wa gharama, makisio ya wenye viwanda huelekea kupanda juu. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu mvua ya asidi iliwaachia wenye mitambo wachague njia ya kupunguza salfa dioksidi, na wauziane vibali vya kuitoa. Gharama ikaja chini sana ya ilivyotabiriwa. Lakini usiipe sheria sifa zote: wengi walihamia makaa yenye salfa kidogo kutoka Wyoming, na nauli ya reli ilikuwa imeshuka baada ya udhibiti wa reli kulegezwa 1980. Sehemu ya moshi ingepungua hata bila sheria. Ndiyo maana uandike mapema hali ingekuwaje pasipo kanuni, kabla hujajua jibu unalolitaka.

Kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya faida ya baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka wa kungoja, nacho kina nguvu za kutisha. Faida ya 100 itakayopatikana miaka 30 ijayo ni 41 leo kwa asilimia 3, na ni 13 kwa asilimia 7. Onyesha zote mbili.

Kikaoni kuna atakayefoka kwamba umemtia mtu bei. Mweleze kabla hajaiona namba: watu 10,000, kila mmoja tayari kulipa dola 500 ili hatari yake ya kufa ipungue kwa 1 kati ya 10,000, wanatoa milioni 5 kwa kifo kimoja kisichotokea. Ni bei ya hatari ndogo iliyosambaa.

Halafu isome sheria yenyewe. Kwa viwango vya kitaifa vya ubora wa hewa vya Marekani, Mahakama ya Juu iliamua 2001 kwamba EPA hairuhusiwi kutazama gharama inapoviweka. Hesabu zako zitachapishwa, lakini kiwango kitawekwa kwa kutazama afya peke yake.