Santuri za jazz za marehemu: sahani ni yako, sauti ni ya nani?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuhamisha watu nyumba. Mwezi uliopita bibi mmoja mjane alinipa masanduku mawili ya santuri za jazz. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio. Sanduku la kwanza lina santuri za mizunguko 78 kwa dakika zenye lebo za Victor, OKeh na Bluebird. La pili lina sahani kumi na moja nyeusi zisizo na lebo ya kampuni yoyote, ila maandishi ya penseli tu: 1938, 1939, jina la hoteli, jina la bendi. Mbili kati ya hizo zimeota ukungu mweupe. Nataka kuzinakili kwenye kompyuta na kuziweka YouTube ili watu wazisikie. Rafiki yangu mmoja asema nitashtakiwa. Mwingine asema muziki wa zamani hivyo hauna mwenyewe tena, na isitoshe nimepewa kwa mkono, kwa hiyo ni mali yangu. Yupi yuko sawa?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Sheria tutaifikia, lakini kwanza lishughulikie lile sanduku la pili, maana huenda ndilo lenye hazina na ndilo linalokufa.

Chukua sahani moja, uishike kingoni tu, kisha utazame ndani ya tundu la katikati. Ukiona alumini inang'aa, au ukingo wa kioo, basi hiyo si santuri ya dukani. Ni sahani ya laka, iliyochongwa sauti papo hapo bendi ikipiga au redio ikitangaza. Santuri ya dukani ilitolewa kwa maelfu, ikipotea kwako itapatikana kwa mwingine. Ya laka kwa kawaida iko moja tu duniani.

Huo weupe kwa uwezekano mkubwa si ukungu. Laka ni nitroselulosi, aina ya plastiki ya zamani, iliyolainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Miaka ikipita mafuta hayo huvunjika na kutoa asidi zinazojitokeza juu kama unga wenye utelezi. Mafuta yakishatoka laka husinyaa, lakini bamba la chini halisinyai. Ndipo laka hupasuka kama matope ya bwawa lililokauka, na mwisho humenyeka. Kwa hiyo usiipangusie spiriti, usiioshe, na usiipige kwa mashine ya nyumbani hata mara moja ya kuonja. Spiriti huharibu pia shelaki, yaani gundi ngumu iliyotengenezewa zile santuri za sanduku la kwanza. Zisimamishe wima, kila moja na bahasha yake, katika chumba chenye ubaridi na kisicho na unyevu. Usiziache gereji wala darini.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu yalinikuta. Miaka ya nyuma niliwahi kukabidhiwa sahani ya namna hiyo, nikaiweka kabatini nikisubiri barua ya kibali kutoka ofisi fulani. Barua ilikuja baada ya miezi mitano. Nilipofungua bahasha, vipande vya laka vilinimwagikia mapajani kama magamba ya samaki, na mkononi nikabaki na alumini tupu. Kibali kilikuwa halali kabisa, lakini sauti haikuwepo tena. Tangu siku ile nanakili kwanza, maswali ya kuchapisha baadaye. Kunakili ili kuokoa na kutangaza hadharani ni mambo mawili mbalimbali, na sheria ya Marekani nayo huyatenganisha.

Sasa hoja za rafiki zako. Huyu wa pili amechanganya sahani na sauti. Bibi amekupa kitu, na kitu hicho ni chako: unaweza kukiuza, kukigawa, au kukipeleka maktaba. Hakukupa hakimiliki, na huenda hata mumewe hakuwa nayo. Tena ndani ya sahani moja mna haki mbili. Kuna haki ya wimbo, yaani utunzi, na kuna haki ya rekodi, yaani upigaji ule ulionaswa siku ile. Tazama “Body and Soul”. Utunzi wake ni wa 1930, na Marekani umekuwa huru, yaani hauna hakimiliki tena, tangu 1 Januari 2026. Lakini Coleman Hawkins alipoupiga kwa saksafoni na kurekodiwa na Bluebird mnamo Oktoba 1939, rekodi hiyo ilipata umri wake yenyewe, na haitakuwa huru hadi 1 Januari 2040. Kwa hiyo leo waweza kuupiga wimbo huo ukumbini bila kumwomba mtu, ila huwezi kuitoa upya ile santuri.

Zamani hesabu ya rekodi ilikuwa vurugu. Rekodi zote zilizofanywa kabla ya 15 Februari 1972 ziliachwa nje ya sheria ya shirikisho ya hakimiliki, kila jimbo likawa na lake. Mwaka 2005 mahakama ya juu ya jimbo la New York iliamua, katika kesi ya Capitol dhidi ya Naxos, kwamba rekodi za miaka ya 1930 zilikuwa bado na ulinzi wa sheria ya jimbo ingawa nchini Uingereza zilikwisha kuwa huru. Ni sheria ya Oktoba 2018 iliyoleta mpangilio. Zilizotoka kabla ya 1923 zilikuwa huru kuanzia 1 Januari 2022. Zilizotoka 1923 hadi 1946 zinalindwa miaka 100. Za 1947 hadi 1956, miaka 110. Zilizobaki zote, hadi 15 Februari 2067.

Basi anza na sanduku la kwanza. Santuri yoyote iliyotoka kufikia mwisho wa 1925 ni huru sasa: wapiga tarumbeta King Oliver na Louis Armstrong kijana walichorekodi Richmond, Indiana, mwaka 1923 kikauzwa mwaka uleule, na mwimbaji Bessie Smith wa 1925. Hizo zinakili, ziweke YouTube, hata kuziuza waweza. Usikadirie mwaka kwa rangi ya lebo. Tafuta namba iliyochongwa karibu na katikati, uilinganishe na orodha za rekodi za zamani zilizoko mtandaoni, maana matoleo ya baadaye ya rekodi ileile huchanganya watu. Zilizotoka 1926 na kuendelea, subiri mwaka wake. Ukiziweka leo, huenda mfumo wa YouTube ukazitambua, na mwenye haki akaziondoa au akachukua mapato. Na si mchezo: Agosti 2023 makampuni makubwa ya muziki yalilishtaki shirika la Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kwa kuweka wazi santuri za mizunguko 78, yakaorodhesha rekodi 2,749 na kudai hadi dola 150,000 kwa kila moja. Kesi iliisha kwa maelewano mwaka 2025.

Sahani kumi na moja za laka ndizo zinazonikosesha usingizi. Rudia lile neno: “zilizotoka”. Miaka 100 inahesabiwa tangu rekodi ilipotolewa kwa umma. Sahani ya fundi aliyenasa bendi hotelini mwaka 1938 haikutolewa kamwe, kwa hiyo inaangukia kwenye “zilizobaki zote”. Santuri ya dukani ya 1938, yenye nakala kila mahali, itakuwa huru mwanzoni mwa 2039. Sahani ya pekee ya mwaka uleule, inayomenyeka sandukuni, imefungwa hadi 2067. Kilicho dhaifu zaidi ndicho kilichopewa kifungo kirefu zaidi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la sheria, na nimelisema kila nilipopata nafasi. Utafiti uliochapishwa 2005 kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani ulikuta kwamba, katika rekodi za kihistoria za 1890 hadi 1964, wenye haki walikuwa wameziweka sokoni asilimia 14 tu. Nyingine hawazitoi wao wala hawaachii wengine wazitoe.

Uko mfano wa William Savory, fundi wa sauti wa New York aliyenasa matangazo ya redio ya jazz mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa sahani bora kuliko za wengi. Nyingi kati yake alizificha maisha yake yote. Alifariki 2004, na mwaka 2010 Makumbusho ya Taifa ya Jazz ya Harlem yakazipata kutoka kwa mwanawe, karibu sahani elfu moja. Nyingine zilikwisha kuharibika. Humo mna Hawkins tena, mwaka 1940, akiipiga “Body and Soul” jukwaani kwa muda karibu mara mbili ya santuri yake, kwa sababu santuri ya inchi 10 ilibana kila mtu katika dakika tatu hivi. Mpenzi wa jazz anajua uzito wa dakika hizo za ziada: ndipo mpigaji anapoacha kuonyesha na kuanza kufikiri kwa sauti. Sahani zilinakiliwa kwanza, haki zikashughulikiwa baadaye, na sehemu ya kwanza ilianza kuuzwa 2016 tu.

Wewe fuata njia hiyohiyo. Maktaba na hifadhi zina vifungu vyao: zinaruhusiwa kutengeneza hadi nakala tatu za rekodi isiyochapishwa kwa ajili ya kuihifadhi. Mtu binafsi hana kifungu cha jina lake. Anategemea kanuni ya matumizi ya haki, yaani ruhusa ya kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi cha uungwana bila kibali, na kunakili sahani yako mwenyewe inayokufa, ukaiweka kabatini bila kuigawa, ni katika hoja zenye nguvu zaidi chini ya kanuni hiyo. Hata hivyo nakushauri uzipeleke kwenye hifadhi ya sauti ya chuo kikuu au jumba la makumbusho ya jazz, zile mbili nyeupe zikitangulia. Uliza kama wana sindano za vipimo mbalimbali, na kama wananakili kwa ubora wa juu, yaani biti 24 na 96 kHz, bila kusafisha mikwaruzo. Anayekuambia atakupa faili “safi” tu, mwache. Kusafisha hufanywa kwenye nakala ya nakala.

Ukitaka umma usikie kabla ya 2067, sheria ya 2018 ina mlango mdogo. Kama rekodi haiuzwi popote na matumizi yako si ya biashara, unafanya msako wa kweli katika daftari za Ofisi ya Hakimiliki, mitandao ya muziki na maduka, kisha unawasilisha taarifa katika ofisi hiyo. Mwenye haki ana siku 90 za kupinga. Akinyamaza, unaruhusiwa kwa matumizi yale uliyoyaeleza. Usiwashe matangazo ya kulipwa kwenye video hiyo. Na kumbuka kibali hiki ni cha rekodi tu. Utunzi, kama ni wa 1931 au baadaye, una mlango wake.

Wasomaji wengine wataniuliza kuhusu kwao. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, rekodi zilizotoka kabla ya 1963 ziko huru. Kenya huhesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kurekodiwa. Lakini video ya YouTube inaonekana Ohio hata ukiipandisha kutoka Mombasa, na wewe uko Ohio kwenyewe.

Jambo la mwisho lisingoje hata wiki. Rudi kwa yule bibi. Mwombe aandike kwa mkono wake karatasi fupi kwamba amekupa masanduku hayo, atie sahihi na tarehe, kwa sababu hifadhi yoyote itaidai. Kisha muulize mumewe alifanya kazi kituo gani mwaka 1938, na kama aliacha daftari. Baadhi ya mafundi wale waliandika kila kitu: saa, hoteli, nani alipiga tarumbeta. Daftari likipatikana, msako wako wa wenye haki utaanza na majina, na wapigaji wenyewe watajulikana.