Nobu ya gia kwenye gari ya otomatiki: kabla hujalipia, angalia kitufe

Nobu, yaani kile kichwa cha leva ya gia unachokishika, yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Niliiona kwenye picha, chuma ya duara, nzito, inang'aa, juu imechorwa 1 2 3 4 5 R, nikalipa hapo hapo bila hata kujiuliza kwamba gari yangu ni otomatiki na hiyo 5 sina. Ilipofika nikaishika mkononi, raha tupu, nikakimbia nayo kwenye gari, nikaangalia leva, nikaangalia nobu, nikarudi kuangalia leva. Kitufe! Ile nobu haina kitufe cha pembeni, na gari yangu usipokibonyeza hicho kitufe haitoki P, ile ya kuegesha, hata uibembeleze vipi.

Kwahiyo haya ninayoyasema hapa nimeyajua kwa kuharibu, sio kwa kusoma.

Kwenye manual nyingi nobu ni kofia tu. Ukiivua unaendelea kubadili gia kama kawaida, sema unakuwa umeshika chuma kitupu. Otomatiki ya kitufe ni habari nyingine kabisa, pale nobu ni sehemu ya kufuli. Leva yenyewe ni bomba, ndani ya bomba kuna kijiti, ukibonyeza kitufe kile kijiti kinasukumwa, kule chini kuna pini imekaa kwenye bamba lenye meno, pini ikitoka kwenye jino leva inakuwa huru kwenda. Ukiachia kitufe springi inarudisha kila kitu na pini inakamata jino tena. Hicho ndo kitu kinachofanya usiweze kuigonga leva kwa kiwiko ikaingia R, ya kurudi nyuma, ukiwa kwenye mwendo, au mtoto akaivuta kutoka P. Sasa wewe unaenda kuvua kichwa cha hicho kitu na kuweka kingine ulichokipenda rangi, inabidi ujue unagusa nini.

Kwahiyo cha kwanza kabisa, kaa kwenye gari yako uiangalie leva. Kama inapita njia ya kona kona, yaani unaisogeza pembeni kidogo halafu chini halafu pembeni tena, na haina kitufe, we ni mwenye bahati maana kazi inayofanywa na kitufe pale inafanywa na zile kona zenyewe, nobu nyingi za aina hiyo zinafunguka kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Kama inakwenda mstari mmoja mbele nyuma na ina kitufe, kiwe mbele, pembeni au juu, basi utafute nobu iliyotengenezwa kwa otomatiki yenye kitufe chake, usikubali mtu akwambie "itaingia tu". Na kama gari yako ni ya kuzungusha kidude cha duara, au ile leva fupi inayojirudisha yenyewe katikati kila ukiiachia, hiyo ni swichi ya umeme tu yenye umbo la leva, mi ningeiacha ilivyo.

Kwa wale wa nobu ya kuzungusha kama kifuniko kuna suala la uzi, yaani ile mikunjo kama ya skrubu. Uzi wa nobu haufanani gari zote. Toyota nyingi za otomatiki za njia ya kona ni M8 x 1.25, ila manual zao ni M12 x 1.25, ndo maana mtu anachukua nobu ya "Toyota" halafu inapwaya kama kofia ya babu. Honda manual utakuta M10 x 1.5, Nissan na Mazda manual mara nyingi M10 x 1.25. Lakini usiniamini mimi wala maelezo ya muuzaji, vua nobu yako upime. Hiyo 8 ni unene kwa milimita, na 1.25 ni nafasi kutoka uzi mmoja mpaka unaofuata, kwahiyo ukiweka rula ukahesabu nafasi kumi unapata milimita 12.5, ukipata 15 ujue ni ya 1.5. Au chukua nati ya kawaida ya M8 uizungushe kwa vidole, ikienda laini mizunguko mitatu minne umepata jibu, ikikaza kwenye mzunguko wa kwanza usiilazimishe, uzi wa leva ukishaharibika hapo unaongelea kubadili leva nzima.

Haya, kuvua. Gari iwe sehemu tambarare, hendibreki juu, injini imezimwa, na tairi moja iwekee jiwe au gogo mbele na nyuma. Najua unaona jiwe ni mbwembwe, subiri utaona huko chini kwanini nasema.

Kuna nobu zina skrubu mbili chini ya shingo, unashusha lile koti la ngozi unaziona, bisibisi ya nyota inamaliza. Kuna zenye klipu ya waya iliyochomekwa kwa mbele au nyuma ya shingo, unaitoa kwa bisibisi bapa taratibu, na weka kitambaa juu ya konso, ile sehemu ya katikati ya siti inapotokea leva, maana ile klipu inaruka na ikidondoka ndani ya konso utaitafuta mpaka ukome. Na kuna zile zilizochomekwa tu kwa nguvu, hizo unavuta juu. Yangu ilikuwa hiyo. Nikakaa kwenye siti ya dereva, nikainama juu ya leva ili nivute vizuri kwa mikono miwili, nikavuta, haitoki, nikavuta tena kwa hasira... ikatoka yote kwa mpigo na kunipiga kidevuni. Nilikaa dakika nzima nimeshika mdomo, machozi yananitoka, nobu mkononi. Aisee, kaa siti ya nyuma au simama nje mlangoni, kichwa chako kisiwe juu ya leva, na vuta huku unatikisa kidogo kushoto kulia, usivute kama unang'oa muhogo.

Baadhi ya gari za Ulaya zina kitu kingine, kitufe inabidi kivutwe nje kwanza na kizuiwe kikae hivyo hivyo nje, watu wanakifunga kwa tai ya plastiki, ndo nobu itoke na ndo nobu mpya iingie ikamate kijiti. Ukisahau hiyo hatua unairudisha nobu vizuri kabisa ila kitufe kinabonyea hewa.

Halafu waya. Gari za zamani kidogo zina kile kitufe kidogo cha O/D (overdrive, cha kuruhusu au kuzuia gia ya mwisho) pembeni ya nobu, na ndani ya leva zinapita waya mbili nyembamba. Rafiki yangu yeye alizikata, akasema O/D hajawahi kuitumia, akazisokomeza chini ya koti la gia bila hata kuzifunga tepu. Wiki chache baadae waya zikagusana, taa ya O/D OFF ikawaka kwenye dashibodi, gari ikagoma kupanda gia ya mwisho, injini inalia barabara kuu kama pikipiki na mafuta yanaisha hayaeleweki, akaanza kumtafuta fundi wa gia boksi wakati tatizo ni waya mbili alizozikata mwenyewe! Kama nobu yako ina waya, tafuta nobu yenye sehemu ya kuhamishia ile swichi, na kabla hujazigusa toa kwanza waya wa hasi kwenye betri.

Sasa nobu yangu ya pili, hii ilikuwa ya otomatiki kweli, ina kitufe pembeni na ndani ya boksi wameweka bushi za plastiki, vile vipete vya kuvalisha leva, za unene tofauti tofauti na alenki ndogo ya kukazia skrubu. Unachagua bushi inayoikaa leva bila kucheza, unachomeka nobu, unakaza zile skrubu ndogo tatu za shingoni. Maelezo yalikuwa mchoro mmoja. Nikaona hii ni kazi ya dakika kumi, nikaisukuma mpaka chini ikagota vizuri, nikakaza kila skrubu kwa nguvu zangu zote, nikapiga picha nikawatumia watu.

Asubuhi yake nikawasha gari, nikakanyaga breki, nikashika leva... na ikateleza kutoka P kwenda R bila mimi kugusa kitufe. Nikairudisha. Nikaivuta tena kwa kidole kimoja, hivi, kidole kimoja tu, ikaenda R, N, D, kama kijiko kwenye uji. Hapo ndo nikaelewa. Nilivyoisukuma nobu mpaka mwisho, kile kitufe cha ndani kilikuwa kinakibonyeza kijiti muda wote, yaani usiku mzima gari ililala kwenye P ambayo pini yake haijakaa kwenye jino sawasawa. Kama mtu angeigusa leva, kinga iliyobaki ilikuwa hendibreki. Na lile jiwe, ambalo nilisahau tu kulitoa.

Nikalegeza skrubu, nikainyanyua nobu. Nikazidisha. Safari hii kitufe kikawa hakifikii kijiti, nabonyeza mpaka kidole kinauma, leva imekwama P kama imechomelewa. Kati ya "inateleza yenyewe" na "imekwama" kwenye gari yangu ilikuwa tofauti ya kama milimita mbili tatu hivi. Kwahiyo usikaze kitu mpaka umepata hiyo sehemu, mi nilipata kwa kuzungushia tepu kwenye leva kama alama, nashusha kidogo najaribu, nashusha kidogo najaribu. Unachotafuta ni kitufe kiwe na uhuru kidogo sana kabla hakijaanza kusukuma, na kikibonyezwa mpaka mwisho leva itoke bila kukwaruza. Hapo sasa ndo unakaza, tena zile skrubu kaza kwa zamu, hii kidogo ile kidogo, la sivyo nobu inakaa upande.

Kwenye leva nyingi za aina hii huwa kuna kifuniko kidogo karibu, kimeandikwa shift lock au hakina maandishi, ukichomeka ufunguo au bisibisi humo ndani unaweza kutoa gari kwenye P hata kama umeme wa breki, ule unaofungua P ukikanyaga breki, umegoma. Jua kilipo kabla hujaanza. Ila kinasaidia ile kufuli ya breki tu, kama kijiti chako ndo hakisukumwi bado utabaki hapo hapo, ndo maana ile nobu ya zamani usiitupie mbali.

Ukimaliza usiondoke kwenda kujionyesha. Injini imezimwa, ufunguo kwenye ON, mguu kwenye breki, pitisha leva P mpaka mwisho na kurudi mara kumi hivi, kila kituo usikie kinakamata na taa ya dashibodi inasema kitu kile kile mkono wako unasema. Jaribu kuivuta kutoka P bila kitufe, isitoke. Jaribu D kwenda R bila kitufe, isiende. Jaribu kuwasha ikiwa D, isiwake, iwake P na N tu. Toa mkono uangalie kama nobu kwenye P haigusi dashibodi na kwenye gia ya chini haigongi kishikio cha kikombe, nobu ndefu zina hiyo tabia. Kisha kanyaga breki, achia hendibreki ukiwa bado tambarare na jiwe lako lipo karibu ila halijagusa tairi, achia breki taratibu, sukuma gari kidogo, P iishike.

Kuhusu uzito, kwenye manual nobu nzito ina maana, mkono unasaidiwa na ule uzito gia inaingia laini. Kwenye otomatiki haikusaidii lolote, unaivuta mara mbili tatu kwa safari nzima, na leva nyingi za siku hizi zina plastiki kule chini, sioni sababu ya kuining'inizia nusu kilo ya chuma. Na chuma juani... gari ikilala juani saa mbili madirisha yamefungwa, ukishika ile nobu utaiachia mwenyewe. Ya ngozi au mbao mi naona ndo ya kukaa nayo. Zile za duara kabisa kwenye leva ya kitufe zinachosha, kidole kinatafuta kitufe kila mara kwasababu mpira hauna mbele wala nyuma.

Kwa wenye uzi, nobu ikiwa inalegea na mtikisiko weka gundi ya nati ile ya bluu, tone moja, nyekundu achana nayo kabisa maana siku ya kuitoa utahitaji moto. Au tumia nati ya kubania chini ya nobu, hiyo inasaidia pia kuigeuza nobu maandishi yakae mbele badala ya kukuangalia kwa upande. Na kaza kwa mkono, spana ya nini.

Ile nobu ya zamani nimeifunga kwenye mfuko pamoja na klipu yake, ipo kwenye buti chini ya tairi la spea. Ile ya chuma yenye 1 mpaka 5 ipo mezani, nawekea karatasi zisipeperuke, na kwa uzito ule inafanya kazi vizuri sana.