Mumeo hajamdekeza mtoto, amemwokoa

Shikamoo shangazi. Nina miaka 39, naishi Nakuru na ninauza mitumba. Kifungua mimba wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alipita vizuri, akaitwa shule kubwa ya bweni huko Magharibi, tukafanya hadi harambee. Muhula uliopita mume wangu, ambaye huendesha lori la kwenda Malaba, alipitia shuleni bila kuniarifu, akamtoa mtoto na kumpeleka kwa mamake Butere. Sasa anasoma shule ya kutwa ya kijijini. Eti alimkuta bombani akifua nguo za wavulana wa kidato cha nne. Kwani kufua ni kosa? Kijana mwenyewe amekuwa mzembe. Amepoteza blanketi mbili na kufuli tatu. Akija likizo anajifungia chumbani, na ameanza kukojoa kitandani kama mtoto wa nasari. Nilimchapa, hakubadilika. Mama mkwe naye anamlea kama yai, na ananiambia kijana alimwambia afadhali alale asiamke. Hayo ni maneno ya kitoto. Mume alikuwa amenipigia simu siku hiyo, nikamwambia asimlegeze. Sasa kwenye chama wakiniuliza kijana yuko wapi nakosa pa kuweka uso. Nimshtaki mume kwa wazee au kwa mchungaji ili mtoto arudishwe?
Mama J, Nakuru

Marahaba, dada. Pole kwa yaliyokufika. Kumwona mtoto uliyemchangishia watu akijifungia chumbani si jambo jepesi kwa mama. Lakini mumeo hana kesi ya kujibu, si kwa wazee wala kwa mchungaji. Huyo bwana amefanya jambo ambalo baba wengi hawalifanyi: alishuka garini, akaangalia kwa macho yake, akaamua. Na mama mkwe wako, unayemlaumu kwa kudekeza, ndiye mtu mzima pekee ambaye kijana amemfungulia moyo.

Umesema alimtoa bila kukuarifu. Kisha mistari michache baadaye ukasema alikupigia simu siku hiyo hiyo. Basi alikuarifu. Alikupigia akiwa amesimama pale bombani, ameona alichokiona, akitaka mwenzake amsaidie kuamua, nawe ukamwambia asimlegeze. Angeendelea kukuuliza nini?

Sasa turudi kwa blanketi na kufuli. Mvulana wa miaka 15 hapotezi kufuli tatu, dada. Kufuli la sanduku la bwenini huvunjwa. Huvunjwa usiku, au wakati wa maandalio ya jioni, na wanaolivunja wanajulikana na bweni zima. Sukari inaenda, sabuni inaenda, blanketi linaenda, na mwenyewe anaona kabisa blanketi lake limetandikwa juu ya kitanda cha mkubwa lakini hathubutu kulidai. Analala amejifunika sweta. Kabla ya kengele kulia ameshaamshwa akateke maji ya kuoga ya mtu mwingine. Akiwa kidato cha kwanza wakubwa humwita mono, jina la kumdharau mgeni, na kumwamrisha aipulize balbu hadi izime huku wenzake wakicheka. Watu wazima nao wanasema ni mchezo, watazoea. Huyu wako amefika kidato cha pili na bado anafua. Huo si mchezo tena, ni utumwa ndani ya sare.

Unauliza kama kufua ni kosa. Kufua nguo zako si kosa. Kumfulisha mwenzio kwa kumtisha ni kosa, na si mimi niliyelitunga. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi yeyote kuteswa au kudhalilishwa, iwe kwa mwili au kwa akili. Anayekivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Kama ni kushtaki, wa kushtakiwa hapa si mumeo.

Kukojoa kitandani ndiko kulikonitia uchungu zaidi. Kijana aliyekwisha kuamka mkavu miaka mingi, akirudia hali hiyo akiwa na miaka 15, anahitaji daktari amwangalie kama kuna ugonjwa wa mkojo. Usipopatikana, basi sababu ya kwanza kufikiria ni hofu. Mwili unasema kile mdomo umeshindwa kusema. Wewe ukamchapa. Fikiria asubuhi ya mtoto huyo bwenini, godoro limelowa, wavulana arobaini wanamtazama. Kisha anafika kwao Nakuru na fimbo inamngoja kwa kosa lile lile. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, dada, na wewe hujawahi kulala kwenye bweni lile.

Kuna mstari mmoja uliuandika kwa haraka, na huo ndio barua nzima: afadhali nilale nisiamke. Hayo si maneno ya kitoto. Mtoto akisema hivyo, mambo mengine yote yanasimama, biashara, chama na karo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, na kwamba kujiua ni miongoni mwa mambo yanayoua vijana wengi zaidi duniani. Kwa hiyo kijana wako muulizeni waziwazi, kwa upole, kama amewahi kufikiria kujitoa uhai. Watu wetu huogopa swali hilo wakidhani litampa wazo. Halimpi wazo. Linampa nafasi ya kutua mzigo. Mwambie mama mkwe dawa zote za shamba na za panya zifungiwe mahali ambapo kijana hafiki, na asiachwe peke yake siku ambazo amenyamaza kupita kiasi. Akisema ana mpango wa kujidhuru, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na nambari 116 ni ya bure, inafanya kazi usiku na mchana nchini kote kwa ajili ya watoto. Kijana anaweza kuipiga mwenyewe, nyanya yake pia anaweza. Msiogope polisi wala aibu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Aliyefika hapo ni mgonjwa wa kutibiwa.

Usidhani pia kwamba kwa kuwa ametoka bwenini yameisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kijana aliyeonewa kwa muda mrefu anaweza kukosa usingizi, kuumwa tumbo kila Jumapili jioni, kusoma ukurasa asikumbuke hata neno, au kuwaka hasira kwa jambo dogo. Alama zinashuka na mzazi anaona uvivu. Wengine hubeba huzuni na wasiwasi huo hadi utu uzima. Na wengine wakifika kidato cha nne huwafanyia wadogo yale yale waliyofanyiwa. Huenda hata yule aliyekuwa akifuliwa nguo na mwanao, naye alifulishwa na mtu.

Sasa niseme na wenye ndoa wote, maana barua kama hii si ya kwanza kunifikia. Tumegeuza watoto kuwa cheti cha ndoa. Jina la shule tunalitangaza kwenye harambee, kwenye chama, kwenye simu, na siku mtoto anaposhindwa kuvumilia tunaona ametuvunjia heshima. Barua yako ina harambee, ina chama, ina uso wa kuficha. Nimeisoma tena nikitafuta mahali ulipomuuliza kijana nani anamfanyia haya. Sijapaona. Wababa nao wengi wanadhani ukishalipa karo umeshalea, mengine ni ya mama na walimu. Tunawapeleka bweni wakiwa wadogo, tunawaona siku ya kutembelewa tukiwa na kuku na soda, tunapiga picha, tunarudi. Halafu wanawake tunalia kwamba waume hawajishughulishi na watoto. Huyu wako amejishughulisha, akaendesha lori lenye mzigo wa tajiri akiwa na mwanawe kando yake hadi Butere, na malipo yake yawe kusimamishwa mbele ya wazee? Ukifanya hivyo, safari nyingine hatashuka garini.

Shule ya kutwa si jela. Mtoto anayelala kwao na kula chakula cha nyanya yake anaweza kupita mtihani. Mtoto anayeogopa usiku hapiti popote, hata umpeleke shule yenye jina gani.

Panda gari Jumamosi uende Butere. Ukifika usianze na alama wala blanketi. Mwambie kijana kwamba umejua alikuwa anaonewa, kwamba halikuwa kosa lake, na kwamba ulikosea kumchapa. Kisha nyamaza umsikilize, hata akikaa kimya saa nzima. Usimwahidi kwamba siri zote zitabaki hapo, maana nyingine itabidi zimfikie daktari. Wiki hiyo hiyo aonwe na daktari, aanze pia na mshauri nasaha. Huko aliko wanaweza kuanzia hospitali ya kaunti ndogo. Akija kwako likizo, kitengo cha afya ya akili kipo katika Hospitali ya Rufaa ya Nakuru. Asikosekane mtu mmoja wa kwenda naye kila mara, na ningependa awe baba yake akiwa hana safari, kwa sababu huyo anaaminiwa tayari.

Kosa moja la mumeo nalikubali. Alimtoa mwanawe, hakuandika neno kwa mwalimu mkuu. Bwenini mle wamebaki wavulana wengine ambao baba zao hawapiti na lori. Kaeni chini wewe na yeye, muandike barua: tarehe mnazozikumbuka, kufuli, blanketi, kufulishwa, na majina ambayo kijana atakuwa tayari kuyataja. Ipelekwe kwa mwalimu mkuu na kwa bodi ya shule, pamoja na ombi la barua ya uhamisho. Wakinyamaza, nakala iende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na kwa afisa wa watoto. Mtie sahihi wote wawili.