Alama ya meno mkononi mwangu

Siku tulipomzika rafiki yangu wa utotoni, binti yake mkubwa alinivuta pembeni. "Mama mdogo, mama alikuwaje mlipokuwa wadogo?" Nikajibu upesi, "Alikuwa mtoto mzuri, mpole, ana heshima." Uongo mtupu. Mpole gani? Tulipokuwa na miaka saba aliniuma mkono kwa sababu nilimvunjia penseli, na alama ya meno yake ninayo mpaka leo.

Usiku ule sikulala. Yule binti aliniomba kitu ambacho hakuna mwingine wa kumpa. Babu na bibi yake walishatangulia. Baba yake alimpata mke akiwa mtu mzima, na wao watoto walimkuta tayari ni mama, mwenye funguo na miwani. Yule msichana aliyepiga mluzi kuliko wavulana, aliyeogopa giza akasingizia kuwa ni mimi ninayeogopa, nilibaki naye peke yangu. Nami nikampa binti maneno matatu ambayo ungeweza kumvisha marehemu yeyote.

Kwa hiyo ukiulizwa habari za rafiki yako wa utotoni, acha sifa. Toa tukio moja, dogo, lenye mikono na miguu. Waombolezaji hawakasiriki ukisema marehemu aliwahi kuiba raba yako. Wanacheka, na wakicheka anakuwa kama ameingia chumbani.

Utasema, "Lakini mimi sikumbuki." Hata mimi nilidhani hivyo. Nilichofanya ni kuchukua karatasi nikachora njia ya kutoka kwetu kwenda kwao: kona, mti, ukuta wenye tundu tulilofichia barua. Kila nilipoweka alama, kitu kilitokeza. Usianzie mwanzo kabisa, utakwama. Ya kabla ya miaka mitatu karibu wote hatunayo, na watu waliovuka arobaini wakiulizwa kumbukumbu zao, nyingi huangukia kati ya miaka 10 na 30. Mimi mpaka leo sijui tulikutanaje. Kisa nilichokuwa nikikisimulia, niligundua nilikisikia kwa mama yangu.

Halafu hakiki. Kumbukumbu hujengwa upya kila tunapoisimulia, na fundi anayeijenga hujipendelea. Nilimpigia simu mwenzetu tuliyekaa naye dawati moja, nikamsimulia habari ya kuumwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe! Si uliivunja makusudi? Ukaivunja, ukamtazama." Miaka yote hiyo nilijisimulia kuwa ilinidondoka. Nimeandika simulizi zote mbili, yake na yangu, watoto wachague.

Sasa jambo linalonichoma. Sauti yake. Alikuwa na tabia ya kunitumia ujumbe mrefu wa sauti, hadithi ndani ya hadithi, na nilipobadilisha simu sikuhifadhi kitu. Zimebaki nne, na moja ni kelele za upepo tu. Wewe usisubiri: hamisha jumbe hizo leo, weka kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili. Na familia msifungie simu ya marehemu kabatini kwa heshima. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na akaunti ya Google isiyofunguliwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na picha zake zote. Facebook wana utaratibu wa kuigeuza akaunti iwe ya ukumbusho, tena mtu anaweza kumteua msimamizi angali hai.

Picha za karatasi zigeuze, uandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Kalamu ya wino huvuja, tena ukikandamiza mstari unatokeza upande wa sura. Andika majina ya wote. "Mimi na yeye" haitamsaidia mtu miaka thelathini ijayo.

Si kila kitu ni cha kutoa. Kuna aliyoniambia tukiwa na miaka kumi na minne ambayo nitaondoka nayo. Na ukubwani kuna miaka minne tuliyonuniana. Hilo nilimwambia binti yake, kwa kuwa angeshangaa kwa nini kwenye picha za harusi fulani simo. Sababu sikumpa, naye hakuichimba. Wengine watasema nilipaswa kunyamaza kabisa. Mimi naona urafiki usio na kipindi cha kununiana ni wa kutungwa.

Baada ya miezi mitatu nikamwita. Nikamwekea ile ramani, na jumbe nne za sauti, ule wa upepo ukiwemo. Kisha nikakunja mkono wa gauni. Alama imefifia, lakini ukiielekeza kwenye mwanga inaonekana: nusu duara ya vidoti.

Akapitisha kidole gumba polepole. Akasimama katikati.

"Mama mdogo, hapa hakuna jino."

"Lilikuwa limeng'oka wiki ile ile."