Sista Anajibu: Bando dogo, miongozo mingi

*Shikamoo sista. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye kituo cha afya mkoani Dodoma. Mganga mfawidhi ameniteua katibu wa timu ya uboreshaji huduma, akaniambia, "Ingia mtandaoni, kila kitu kipo." Kweli kipo, mpaka kinatisha! Nikitafuta usalama wa mgonjwa yanakuja makabrasha ya Kiingereza ya kurasa mia mbili, na bando linakata kabla hata moja halijafunguka. Wenzangu wanasema nifanye kwanza kozi nipate vyeti. Nianzie wapi?*
*Katibu mpya, Dodoma*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa cheo kisicho na posho.

Weka simu chini kwanza. Chukua kitabu cha MTUHA cha wazazi, kile cha kumbukumbu za kituo, usome miezi mitatu iliyopita. Nani alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua? Kichanga gani kilirudishwa na homa? Akina mama wangapi waliruhusiwa bila presha yao kuandikwa popote? Moja kati ya hayo litakukera kuliko mengine, na hilo ndilo la kulinunulia bando. Ukiingia mtandaoni bila swali utatoka na mafaili arobaini ambayo hakuna atakayeyasoma.

Kwa mkunga, mimi ningepakua kwanza cheklisti (orodha ya kuhakiki) ya uzazi salama ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa 2015. Ina vipengele 29, na inakusimamisha mara nne: mama anapolazwa, anapokaribia kusukuma au kupelekwa kwenye upasuaji, ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Cheklisti yenyewe ni kurasa chache. Kabrasha nene ni mwongozo wa kuitumia. Hilo lipakue siku ukienda halmashauri kwenye waifai.

Tazama hatua ya pili. Kabla mama hajasukuma, inakuuliza kama hivi vipo pale pale kitandani: glavu, sabuni na maji safi au spiriti ya mikono, oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi, uniti 10 ikiwa imeshavutwa kwenye sindano. Kwa mtoto: taulo safi, kibanio cha kitovu, wembe usio na vijidudu, kifaa cha kunyonya makamasi, na ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua. Hakuna jipya hapo, ulifundishwa yote chuoni. Lakini aliyewahi kutafuta ambu saa tisa usiku, kabati limefungwa na mwenye ufunguo kalala kwake, anajua kwa nini kuna mtu alikaa akaandika orodha hiyo.

Kuhusu Kiingereza: cheklisti yenyewe inasema wazi kwamba kuongeza na kurekebisha kulingana na mazingira yenu kunahimizwa. Basi kaeni wakunga wote wa kituo, mkaiandike kwa Kiswahili cha leba yenu, mkaichape steshenari na kuilaminisha. Msimwachie mtu mmoja aitafsiri peke yake ofisini, maana wengine wataiona ni yake.

Nisikufiche jambo. Huko Uttar Pradesh, India, cheklisti hii ilijaribiwa kwenye vituo 120, nusu yao wakipewa cheklisti pamoja na walimu wa kuwaelekeza wakiwa kazini. Matokeo yalichapishwa 2017: watumishi walifuata taratibu vizuri zaidi, lakini vifo vya mama na watoto havikupungua kuliko kwenye vituo vingine. Mimi sishangai. Karatasi haileti chupa ya damu, wala haitii mafuta kwenye gari la wagonjwa. Kwa hiyo kwenye kikao na mfawidhi usiende na cheklisti tupu. Nenda pia na orodha ya vitu ambavyo cheklisti imeonyesha havipo, na tarehe zake.

Na usije ukadhani mambo haya yanatungwa Geneva tu, kwenye makao makuu ya WHO. Cheklisti ya upasuaji salama, ile ya vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na pamoja na London, Toronto na Manila ilikuwepo hospitali ya Ifakara, hapa hapa kwetu. Ripoti ya 2009 ilionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miaka yangu mingi nimeimalizia thieta, na kipengele kilichokuwa kikichekesha watu ni kile cha kila mmoja kutaja jina lake na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Daktari bingwa ajitambulishe kwa mhudumu? Lakini mhudumu aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja hapati shida kusema baadaye, "Dokta, swabu moja ya kufutia damu haionekani."

Vyeti sivikatai. Kozi za Institute for Healthcare Improvement ya Marekani zinafundisha vizuri namna ya kujaribu badiliko dogo, kulipima, kisha kulikuza. Zifanye ukiwa tayari una badiliko la kujaribu. Nimeona kuta zilizojaa vyeti, na chini yake sinki halina sabuni.

Mafaili ya WhatsApp ndiyo yanayonitia hofu. Mwongozo wa matibabu wa taifa wa 2013 bado nakutana nao kwenye magrupu, wakati toleo la 2021 lilishatoka. Dozi usichukue kwenye grupu. Ingia tovuti ya wizara, tafuta toleo jipya kabisa, angalia mwaka kwenye jalada.

*Sista, mama yangu ana presha na kisukari. Kila kliniki wanampa dawa zao, sasa ana mifuko mitano. Kuna mahali mtandaoni naweza kujifunza namna ya kumlinda bila kujifanya daktari?*
*Binti wa pekee, Tanga*

Lipo, binti yangu. WHO wana kijitabu kifupi cha maswali ya mgonjwa kuhusu dawa. Kinagawa nyakati tano: dawa inapoanzishwa, inapotumiwa, inapoongezwa nyingine, zote zinapopitiwa, na moja inaposimamishwa. Kila wakati una maswali matano. Unayoyahitaji wewe ni ya wakati wa nne. Mifuko yote mitano, pamoja na dawa za miti shamba anazozificha (mama zetu nawajua), itie kwenye kapu moja uende nalo kliniki. Omba zipitiwe zote kwa pamoja, uulize ipi bado inahitajika na zipi zinagongana.

Usimsimamishie dawa yoyote kwa sababu ya kitu ulichosoma usiku kwenye simu. Ikimtoa vipele au kumvimbisha uso, mrudishe hospitali haraka, kisha toeni taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa. Watahitaji jina la dawa na namba ya toleo (batch number) iliyoandikwa kwenye boksi, kwa hiyo maboksi usiyatupe.