Maswali ya Wasomaji: Simu za Vibonyezo na Data Zake

SWALI: WAP na i-mode zilitoka karibu wakati mmoja, zote zikileta intaneti kwenye kiskrini kidogo cha simu. Mbona i-mode ilipendwa na WAP ikakimbiwa?

JIBU: Wengi hulaumu skrini, lakini skrini zilikuwa ndogo kote. Kilichoumiza ni mita. Simu za mwanzo za WAP, kama Nokia 7110 ya mwaka 1999, ziliingia mtandaoni kwa kupiga simu ya data: laini inashikwa, dakika zinahesabiwa, uwe unasoma au unasubiri. Kasi yenyewe ilikuwa kilobiti 9.6 kwa sekunde, yaani kama kilobaiti 1.2 hivi.

Huko Japani, i-mode ya NTT DoCoMo, iliyozinduliwa Februari 1999, ilitoza kwa pakiti: baiti 128 kwa yen 0.3. Ukitulia kusoma, mita nayo inatulia. Kurasa ziliandikwa kwa cHTML, ambayo ni HTML (lugha ya kurasa za wavuti) iliyopunguzwa, ilhali WML, lugha ya kurasa za WAP, ilibidi mtu ajifunze upya. Tena mwenye tovuti rasmi ya kulipia alichukua 91% ya ada. DoCoMo ilibaki na 9% kwa kumkusanyia kwenye bili. Sisi tunaamini mgawo huo ndio ulioijaza tovuti menyu ya i-mode. GPRS, njia ya kutuma data kwa pakiti, ilikuja kuondoa malipo ya dakika, ila jina la WAP lilikuwa limeshachafuka.

SWALI: Nina mchezo wa Java, faili la JAR (mchezo wenyewe) na la JAD (maelezo yake kwa simu). Nimebadilisha ikoni ndani ya JAR, sasa simu inakataa kuusakinisha.

JIBU: Fungua JAD kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu, utafute mstari kama huu:

MIDlet-Jar-Size: 61844

Hiyo ni idadi ya baiti za JAR, na simu haisamehe hata baiti moja. Ikoni mpya imeibadilisha. Tazama sifa za faili kwenye kompyuta, chukua ukubwa halisi kwa baiti (si ule wa nafasi iliyochukuliwa kwenye diski), andika tarakimu tupu bila koma wala KB.

Bado inagoma? Angalia kama JAD ina mistari ya MIDlet-Jar-RSA-SHA1 na MIDlet-Certificate. Hiyo ni saini ya kidijitali, ya kuthibitisha kwamba JAR haijabadilishwa, nayo ilivunjika pale ulipoigusa. Ifute yote, mchezo utaingia kama programu isiyoaminika, na simu itakuwa ikikuomba ruhusa kila unapotaka mtandao. Kero, lakini utacheza.

Ukisakinisha kupitia seva, soma namba ambayo simu inairudishia seva hiyo: 904 ni ukubwa usiolingana, 905 ni JAD kupingana na manifesti (faili la maelezo) iliyo ndani ya JAR, 907 ni JAR mbovu, 909 ni saini. Simu ikikuonyesha maandishi ya JAD badala ya kusakinisha, usiihangaishe: seva inayatuma kama text/plain, yaani maandishi matupu. Iweke itume text/vnd.sun.j2me.app-descriptor.

SWALI: SMS yangu ya herufi 90 imetozwa kama mbili. Si kikomo ni 160?

JIBU: SMS hubeba baiti 140. Kwa alfabeti ya GSM, yenye biti 7 kwa herufi, zinaingia 160. Alama moja tu ya nje, mfano nukuu zilizopinda, huugeuza ujumbe mzima kuwa wa biti 16: herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Weka nukuu zilizonyooka.